Uzi: Nimeacha kutupa mabaki ya vioo, natengeneza picha za samaki wa ziwa letu Tanganyika (kuhe, mgebuka, dagaa). Njooni tuelekezane

FundiVioo_Mwanga:
Wakuu habari zenu, mwakeye kwa watu wa nyumbani.

Mi ni fundi wa vioo na aluminiamu, niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Madirisha, milango, makabati ya maduka, hiyo ndo kazi yangu mwaka wa 11 huu. Anayeijua hii kazi anajua kwamba adui yako namba moja ni mabaki. Kila shiti unayokata inabaki vipande, huwezi kumuuzia mtu, huwezi kuchoma, ukitupa shimoni watoto wanajikata, kwa hiyo vinarundikana tu nyuma ya banda na kila mvua ikinyesha vinazama kwenye udongo.

2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kazi zikasimama. Hela ya huku inatoka majini, mwenye boti akikaa nyumbani miezi mitatu hawezi kuja kwako kuagiza dirisha, na wala humlaumu. Nikawa nakaa bandani naangalia lile rundo la vioo vya bluu, kijani, bronzi, vya kujitazamia, vile vya chooni vya chengachenga, nikasema hizi si rangi kamili hizi. Nikaingia intaneti, nikaona watu wanatengeneza picha za mozaiki, yaani unapanga vipande vidogo vya kioo kwenye ubao, unagandisha, alafu unajaza grauti, ule uji wa simenti wa kuziba nafasi, katikati kama kwenye marumaru. Nikachukua picha ya samaki mmoja wa rangi ya chungwa, wala sikujua ni wa bahari gani, nikampanga siku nne.

Nikampelekea mama. Mama ameuza samaki Kibirizi tangu sijazaliwa. Akakiangalia kile kibao muda mrefu, akasema, "Mwanangu, huyu umempanga kama tofali. Samaki hata akiwa kwenye beseni amekufa bado amejikunja."

Kesho yake akaniletea mgebuka kwenye sahani, mbichi, akaniwekea juu ya meza ya kukatia vioo, akapitisha kidole kuanzia kwenye shavu kwenda mkiani. Ona magamba yanavyoshuka, akasema. Kweli, yalikuwa yanaanza yamejipanga mapana hapa mabegani, yanapinda kufuata tumbo, yanazidi kuwa madogo kadiri unavyokaribia mkia mpaka yanakutana yote kwenye shina la mkia kama maji yanayoingia mferejini. Mi safu zangu zote nilikuwa nimezilaza kwa rula.

Hapo ndo nilipoelewa hii kazi, wakuu. Rangi ni jambo la pili. Jambo la kwanza ni safu zinaelekea wapi. Waitaliano wana neno lake kabisa, andamento, mwendo wa vipande. Ukipanga safu zikafuata mwili wa samaki anakuwa hai hata kama una rangi mbili tu, ukizilaza kama tofali hata umwekee dhahabu hatoogelea.

Tangu siku ile nimeshatengeneza 14. Nataka nieleze kila kitu humu kwa sababu vijana wengi wa vioo mikoani wana rundo kama langu na hawajui wakae nalo vipi. Picha nitapandisha jioni mtandao ukikaa sawa.

Toto_la_Gungu:
Nimeweka kambi hapa. Shusha vitu mkuu.

MnyamweziWaCheyo:
Mwangaluka wakuu, Tabora hapa. Mkuu mleta uzi mi nina mgahawa mdogo karibu na stesheni, nauza samaki wanaoletwa na treni kutoka kwenu huko. Nataka picha ya hao migebuka ukutani. Kwanza tuambie vifaa, alafu tuongee kazi.

FundiVioo_Mwanga:
Sawa mkuu wa Cheyo, tutaongea. Vifaa hivi hapa, na vingi fundi vioo yeyote anavyo.

Kalamu ya kukatia kioo, ile ya kigurudumu. Chovya kwenye mafuta ya taa kila mara, mkato unakuwa laini na kigurudumu hakifi haraka. Mkwaruzo ni mmoja tu, toka ukingo mpaka ukingo, mkono usitetemeke, sikiliza mlio, ukisikia mlio mmoja kama wa kuchana kitambaa umepata, ukirudia mstari mara ya pili umeharibu kioo na kalamu. Alafu vunja hapohapo, usiuache mkwaruzo ulale, weka njiti ya kiberiti chini ya mstari bonyeza pande mbili. Nakata kwanza vipande virefu vya sentimita 1, alafu navikata kuwa vya mraba, alafu vile vya mraba ndo navipunguza kona kwa koleo ya magurudumu mawili. Hiyo koleo ndo kitu pekee nilichoagiza Dar, huku sikuipata. Kabla sijawa nayo nilitumia plaizi ya kawaida na nilipoteza kipande kimoja kwa kila viwili.

Ubao natumia marini bodi, ile plaiwudi nene ya ujenzi, ya milimita 18. Usitumie plaiwudi nyembamba, ikipinda kidogo tu grauti inapasuka yote. Naupaka rangi nyeupe pande zote mbili na kingo zake, ile nyeupe inasaidia mwanga urudi ukishapita kwenye kioo na rangi inazuia ubao kunywa maji ya grauti.

Rangi usizokuwa nazo unajitengenezea. Chukua kioo cheupe, yaani kile kisicho na rangi, geuza, paka rangi ya mafuta mgongoni, acha siku mbili ikauke kabisa ndo ukate. Ukiangalia upande wa mbele rangi inakuwa na kina, kama iko ndani ya maji. Njano ya kuhe naipata hivyo.

Gundi natumia silikoni. Wengine wanatumia gundi nyeupe ya mbao, mi niliijaribu na siwashauri kwa kioo juu ya ubao uliopakwa rangi, kwa sababu ile gundi inakauka kwa kupoteza maji, sasa huku juu kuna kioo na huku chini kuna rangi maji yatoke wapi? Wiki mbili baadaye bado ilikuwa nyeupe kama maziwa chini ya vipande vya bluu.

BintiKatonga:
Kaka samahani, silikoni ipi? Nimewahi kubandika kioo cha kujitazamia kwenye kabati kwa silikoni ya kawaida, baada ya muda kikaanza madoa meusi kutokea nyuma.

FundiVioo_Mwanga:
Dada asante kwa kuuliza hili kwa sababu limenigharimu picha nzima. Ile silikoni inayonuka kama siki inatoa tindikali wakati inakauka, ile tindikali inakula ule utandu wa fedha ulioko nyuma ya kioo cha kujitazamia. Nilitengeneza migebuka watatu, matumbo yao yote nikaweka vioo vya kujitazamia vilivyokatwa vyembamba, walipendeza mpaka jirani akaja kuwaonyesha wanae. Miezi miwili baadaye matumbo yalikuwa na madoa kama kutu. Nilikaa nao kimya muda mrefu, nikaja kuwabomoa wote.

Tumia ile isiyonuka siki, dukani waambie unataka silikoni ya vioo vya kujitazamia, wanayo, iko juu kidogo bei. Kwa vipande vingine vya kawaida hii ya siki haina shida.

Na paka nyembamba. Ukijaza silikoni nyingi inapanda kwenye nafasi kati ya kipande na kipande, grauti inakosa pa kukaa. Ukishamaliza kubandika acha siku mbili kamili, chini ya kioo silikoni inakauka polepole kuliko ile uliyoiacha wazi. Mi niliwahi kujaza grauti asubuhi yake, sponji ikahamisha jicho la samaki likaenda shavuni.

Toto_la_Gungu:
Mkuu swali la kawaida tu, kwa nini usitumie marumaru zilizovunjika? Ziko kila saiti hapa mjini, bure.

FundiVioo_Mwanga:
Marumaru ni nzuri na mi naziweka, ila chini, kwenye mawe ya ziwani. Shida yake kwa samaki ni kwamba mwanga ukifika juu ya marumaru unaishia hapo. Kwenye kioo mwanga unaingia, unagonga ubao mweupe au utandu wa fedha, unarudi. Sasa ukipita mbele ya picha unatembea, lile tumbo la mgebuka linawaka na kuzima kipande kimoja baada ya kingine, vilevile kama unavyowaona wakimwagwa kwenye mtumbwi alfajiri. Marumaru haifanyi hivyo. Halafu unene, marumaru nyingi ni milimita 8 na kioo changu ni 4, ukichanganya bila kuinua kioo picha inakuwa na mabonde.

Mwl_Ujiji:
Mleta uzi hongera sana. Mimi ni mwalimu wa historia mstaafu, niko Ujiji, naomba niongeze kidogo kwa sababu watu wanaweza wakafikiri kioo na Ujiji vimekutana juzi.

Karne ya 19 hapa Ujiji sokoni vipande vya kioo vilikuwa ndo hela. Shanga. Ilikuwepo aina iliyoitwa sofi, inafanana na kipande cha mrija wa kiko uliovunjika, hiyo ndo ulinunulia samaki, mafuta ya mawese, chumvi ya Uvinza. Shanga zilizotungwa uzi mmoja ziliitwa khete, na khete 10 zikawa fundo. Msafara uliofika na rangi isiyotakiwa hapa ulikaa na njaa mbele ya soko limejaa. Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 mizigo yake mingi ilikuwa shanga na vitambaa, na sehemu kubwa ya zile shanga za misafara ilitoka kwenye matanuri ya Venice, mji uleule ambao mpaka leo unatengeneza kioo cha rangi kwa ajili ya mozaiki. Kwa hiyo kijana anayekata kioo Mwanga kutengeneza mgebuka, mimi naona ni kama kile kioo kimekuja tena sokoni.

Na samaki wa mozaiki ni wa zamani mno. Kule Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, kuna picha sakafuni, pweza anapigana na kamba mkubwa na wamezungukwa na samaki, na kila samaki ukimwangalia unamjua ni aina gani. Sasa iko makumbusho ya Naples. Tunisia wamejaa samaki wa namna hiyo, nenda makumbusho ya Bardo. Na Tabgha kando ya ziwa la Galilaya kuna sakafu ya kanisa la karne ya 5 yenye kikapu cha mikate na samaki wawili. Hata pwani yetu, makaburi ya Kunduchi, wazee walipachika mabakuli ya kichina kwenye nguzo. Wazo la kupachika kitu kinachong'aa ukutani hatujaazima jana.

FundiVioo_Mwanga:
Mwalimu shikamoo. Hii ya sofi sikuijua kabisa na nimekulia hapa. Nitakuja Ujiji nikuone, kama utaniruhusu.

Umegusa kitu, kwamba kila samaki wa Pompeii unamjua ni aina gani. Hapo ndo ninapotaka tufike. Ziwa letu lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, ule ukoo wa kina kuhe, peke yao na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani, watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga sebuleni, wanajua mpaka kwamba samaki anayeitwa frontosa wa upande wa Kigoma ana mistari 7 na wa Burundi ana 6. Sisi tukitaka samaki wa ukutani tunachora pomboo.

MamaDagaa_Kibirizi:
Mwanangu nimesoma yote na picha ulizopandisha nimeziona. Kazi nzuri mno, Mungu akubariki. Ila niseme neno kama mama. Yule mgebuka wako wa kwenye picha ya tatu umemwekea pezi moja refu la mgongo, kutoka kichwani mpaka karibu na mkia. Hilo ni pezi la kuhe. Mgebuka mgongoni ana mapezi mawili, la mbele la miiba na la nyuma laini, na katikati pana nafasi, ukimsafisha ndo unaona vizuri maana lile la mbele linachoma. Sangala naye hivyohivyo. Na kuhe wako umemfanya njano tupu, kuhe ana ujani ndani ya ile njano, na madoa meusi ubavuni, makubwa. Usichukie.

FundiVioo_Mwanga:
Mama shikamoo. Sichukii hata kidogo. Nimesoma hapa nikainuka kwenda kuangalia picha bandani na ni kweli kabisa, mapezi mawili, mi nilishakata vioo vya kuhe nikawa nimeuzoea ule mkono nikamvisha mgebuka pezi la mwenzie. Na nimewala maisha yangu yote. Kesho alfajiri nakuja Kibirizi nanunua mmoja nimweke mezani. Nitarudi hapa.

SaitiMasta_Kgm:
Wakati tunasubiri, mi ni fundi marumaru. Grauti mnatumia rangi gani? Nyeupe ndo safi naona.

FundiVioo_Mwanga:
Hapa tutatofautiana mkuu. Bafuni nyeupe ni sawa. Kwenye mozaiki ya kioo grauti nyeupe inameza rangi zote, picha inakuwa kama imepauka juani, jicho linaenda kuangalia mistari badala ya samaki. Jaribu kitu hiki, panga vipande vya bluu kwenye vibao viwili, kimoja jaza nyeupe kingine jaza ya kijivu iliyokolea, viweke dirishani. Ile bluu ya kijivu utafikiri ni kioo kingine cha bei. Mi nachanganya grauti ya kawaida na oksaidi nyeusi kidogo, ile rangi ya unga ya simenti, nachanganya ikiwa kavu, na nachanganya yote ya kutosha mara moja maana ukirudi kuchanganya tena hupati rangi ileile.

Maji weka kidogokidogo mpaka iwe uji mzito unaosimama kwenye kijiko. Acha dakika 10, koroga tena, alafu sukuma kwa kipande cha mpira kila upande ijae mpaka chini. Nafasi kati ya vipande iwe milimita 2 hivi. Acha dakika 20, futa kwa sponji yenye unyevu, narudia, unyevu, maji mengi yanachota grauti inabaki mashimo. Ule ukungu unaobaki juu ya kioo futa na gazeti kavu. Alafu funika na nailoni siku nzima isikauke haraka, hasa Julai na Agosti ule upepo wetu mkavu.

Glovu vaa. Simenti inakula ngozi, na vidole vya mtu anayekata vioo tayari vina michubuko. Miwani vaa muda wote ukikata, kichembe cha kioo kwenye jicho hakionekani na hakitoki. Usifagie ukiwa umemaliza, nyunyiza maji kwanza ndo ufagie. Na kula mbali na hiyo meza.

BintiKatonga:
Na jicho je? Mi nimejaribu kuchora samaki kwa penseli tu na macho yananishinda, wanakuwa kama wameshtuka.

FundiVioo_Mwanga:
Jicho ndo naanza nalo dada. Kabla ya kitu chochote. Nikishachora samaki kwenye ubao kwa ukubwa wake halisi (namlaza samaki mwenyewe kwenye karatasi namzungushia penseli) nakata jicho kwanza. Kipande cheusi cha duara, nakisugua kwenye jiwe la kunolea lenye maji mpaka kingo zilainike, na kando yake kichembe kidogo cha kioo cha kujitazamia. Watu wanakosea kukiweka kile kichembe katikati, ndo maana anashtuka. Kiweke juu kidogo, upande unaotoka mwanga. Alafu zungushia pete ya vipande vidogo vya bronzi, na kutoka kwenye ile pete ndo safu za kichwa zinaanza kutawanyika, zinapita shavuni, zinafuata ukingo wa shavu, zinaingia mwilini. Jicho likikaa vibaya safu zote zinapotea njia.

Mgongo weka vioo vizito vya giza, bluu iliyokolea na kijani, shuka polepole kwenda kwenye vyepesi, tumboni malizia na vya kujitazamia. Samaki wa maji ya wazi wengi wako hivyo, ukimwangalia toka juu anafanana na kina cha ziwa, toka chini anafanana na anga. Mkia kata vipande virefu vyembamba kama miale.

Na maji, usianze kujaza maji kwa safu zilizonyooka mpaka kwenye samaki. Safu ya kwanza ya maji imkumbatie samaki mzima, izunguke mwili wake kama kivuli, wale mafundi wa mozaiki wa zamani walifanya hivyo. Safu ya pili ifuate ile, baada ya hapo ndo maji yaanze kutulia kulala. Hiyo safu moja inafanya uone kama ameyasukuma maji.

Dagaa ni kazi nyingine tena na mi naipenda kuliko zote. Kila dagaa ni kipande kimoja tu, ule ukingo mwembamba unaobaki ukikata shiti, ambao hauna kazi duniani. Upana wa milimita 4, urefu wa sentimita 5, kona moja unaipunguza. Unawapanga 200 kwenye kioo cha bluu nyeusi, wote wanazunguka wanaelekea kwenye kipande kimoja cha njano pale juu. Mtu wa Kigoma hahitaji kuambiwa ile ni nini, ni taa ya mtumbwi usiku wa giza. Mzee mmoja mvuvi alisimama mbele ya ile picha bandani akanionyesha kwa mkono pale ambapo wavu ungepita.

MnyamweziWaCheyo:
Mkuu umenimaliza na hao dagaa lakini mi nabaki na migebuka wangu. Nataka watatu, ubao wa 60 kwa 90. Watafika Tabora wazima? Na ukutani wanakaaje, mi ukuta wangu ni wa tofali za kuchoma.

FundiVioo_Mwanga:
Tupige hesabu. Kioo cha unene wa milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni kilo 2 na nusu. Changu ni milimita 4, kwa hiyo mita moja ya mraba ni kilo 10. Ubao wako ni nusu mita na ushee, kioo kama kilo 5, ongeza ubao wenyewe na grauti, tunafika kilo 12 hivi. Hiyo si ya kutundika kwa msumari. Toboa matundu mawili, weka plagi na skrubu ndefu, mi huku nyuma nitakufungia mkanda wa aluminiamu unaokaa juu ya skrubu zote mbili.

Usiweke nje kwenye mvua. Ya nje natengeneza kwa namna nyingine, hakuna ubao kabisa, napanga vipande kifudifudi kwenye karatasi ngumu kwa gundi ya unga wa ngano, alafu naenda kuvibandika ukutani kwa simenti ya marumaru, karatasi inabaki nje, inalowekwa inabanduka. Ukitaka hiyo ukumbuke picha inapangwa imegeuzwa, samaki anayeangalia kulia kwenye karatasi ataangalia kushoto ukutani.

Kwenye treni itasafiri imesimama wima, katikati ya magodoro mawili, isilazwe. Kioo kikilala kinabeba kila mtikisiko.

(baada ya siku 9)

FundiVioo_Mwanga:
Wakuu nimerudi. Mama wa Kibirizi, nilikuja ile alfajiri, nikanunua wawili, mmoja tukala mmoja akakaa mezani kwenye barafu. Nilihesabu vipande vya lile pezi la uongo, 31. Nilivitoa vyote. Kutoa kipande kimeshajazwa grauti si mchezo, unachokoa grauti pande zote nne kwa msumari wa chuma taratibu, alafu unapitisha kisu chembamba chini, unakata silikoni polepole. Vitano vilipasuka, vilivyobaki nikavitumia tena kwenye maji. Nikaweka mapezi mawili, la mbele vipande vyenye ncha ya miiba, nikaacha nafasi, la nyuma vipande laini vya kijani hafifu. Mama yangu alipoona akauliza nani amekwambia, nikamwonyesha huu uzi, akacheka akasema anakujua, mlikuwa mnakaa meza jirani sokoni.

Kuhe mpya naye yuko njiani, njano nimeipaka juu ya kioo cha kijani badala ya kioo cheupe, ule ujani unatoka kwa ndani kama ulivyosema.

MamaDagaa_Kibirizi:
Msalimie sana. Mwambie bado namdai beseni lake la bluu, yaani yeye ndo ananidai mimi, nitamrudishia.

MnyamweziWaCheyo:
Wakuu mzigo umefika Tabora jana saa kumi na mbili asubuhi. Nimeutundika kama ulivyoelekeza, skrubu mbili. Jua la asubuhi linaingia mlangoni linapiga moja kwa moja matumboni mwao, wateja wa chai wamegeuza viti. Mama mmoja wa Kiha anayeuza vitenge hapa jirani amewahesabia mapezi mmoja mmoja. Ila kona ya chini kushoto, kwenye maji, kipande kimoja cha bluu kinacheza ukikigusa. Hakijatoka.

FundiVioo_Mwanga:
Hiyo ni ya safari mkuu, usikiache. Chokoa grauti inayokizunguka, kitoe, kwangua silikoni ya zamani pande zote, kwenye ubao na kwenye kioo, mpaka pawe pasafi. Weka tone la silikoni dogo kama punje ya mahindi, kibonyeze, weka selotepu juu kisishuke, acha siku mbili. Nyuma ya ubao nimekuwekea mfuko mdogo umebandikwa, ndani yake kuna grauti ileile niliyotumia, kavu, imeshachanganywa rangi. Vijiko viwili vinatosha.

MnyamweziWaCheyo:
Nimeuona mfuko. Jumamosi nafunga mapema nakifanya.